Mama wa miaka 51, kilo 94 na dumu la mafuta: kisa kizima

Nimeomba ruhusa kwa mwenyewe kabla ya kuandika hiki kisa na amekubali, ila jina lisitajwe, kwa hiyo nitamwita Mama tu kama ninavyomwita siku zote. Ana miaka 51, ana duka la vitenge Kariakoo, anakaa Magomeni na mumewe, watoto wawili ambao bado hawajaondoka nyumbani, mjukuu mmoja na dada wa kazi. Jumla watu sita wanakula sufuria moja. Hao watu sita washikilie kichwani maana wana kazi kubwa huko mbele.

Alivyokuja kwenye kundi letu la mazoezi ya asubuhi alikuwa na kilo 94 kwa urefu wa sentimita 160, kiuno 111. Kadi ya kliniki inaonyesha presha 152 kwa 94 na dawa ameshaanzishiwa, sukari akiwa hajala 6.4, yaani kisukari bado ila ameshavuka mstari wa usalama. Kwa wanawake kiuno kikipita sentimita 80 hatari ya moyo na kisukari inaanza kupanda, kikipita 88 inapanda sana, sasa mtu wa 111 hapo hatuongelei urembo tena. Kliniki waliongea naye dakika chache wakamwambia apunguze uzito, basi. Apunguze vipi, aanzie wapi, hakuna aliyemwambia.

Afu kuna goti la kulia. Linauma kiasi kwamba anaswali kwenye kiti, na nilivyomuuliza anataka nini hasa hakutaja kilo wala presha, alisema "Kocha, mi sitafuti umbo la kisichana, nataka nisujudu chini kama watu." Hilo nililiandika juu kabisa kwenye daftari lake, maana nimeona watu wengi wa umri huu wanaanza kwa sababu daktari kasema au mume kasema au harusi ya mtoto inakuja, harusi ikipita na mazoezi yamepita. Yeye alikuja na sababu yake ya mara tano kwa siku.

Alishajaribu mengi kabla. Ile chai ya kukata tumbo inayouzwa mitandaoni alikunywa, akaharisha, akaona kilo zimeshuka akafurahi, kumbe nyingi ya hizo chai zina majani ya kuharisha na kinachotoka pale ni maji na choo, mafuta yako palepale. Mkanda wa kubana tumbo alivaa mpaka ngozi ikachubuka. Ndimu na tangawizi asubuhi pia. Halafu kuna kipindi alikula matunda tu wiki kadhaa, akashuka kilo 6, na aliporudia kula kawaida zikarudi 8. Hii ya kushuka haraka inawachanganya watu sana kwa hiyo nielezee kidogo: mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu moja ya hiyo akiba inashikilia maji kama gramu tatu, ukiacha kula wanga akiba inaisha na maji yanatoka nayo, mzani unakwambia umepungua wakati mafuta umepunguza kidogo tu, na siku ukila wali maji yanarudi usiku uleule. Mbaya zaidi kwa mtu wa miaka 50, ukijinyima hivyo bila protini na bila mazoezi ya nguvu unapoteza na misuli, na misuli ndo mali ambayo tayari inapungua yenyewe, kuanzia miaka ya thelathini binadamu anapoteza kama asilimia 3 mpaka 8 kila miaka kumi.

Alikuwa na maneno mawili anayarudia. La kwanza "mwili wa uzeeni hauchomi tena chakula." La pili "mi mbona sili."

La kwanza nilimjibu kwa utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2021, walipima watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, wachanga mpaka wazee wa miaka 95, wakakuta ukishaweka sawa ukubwa wa mwili na misuli, uchomaji unabaki palepale kuanzia miaka 20 mpaka 60, baada ya hapo ndo unaanza kushuka taratibu. Kwa hiyo miaka 51 haijafunga mlango. Kilichobadilika kwake ni vitu vingine: anakaa dukani kuanzia saa 3 asubuhi mpaka jioni, misuli imepungua, na hedhi inakoma, kipindi ambacho kwa wanawake wengi mafuta yanahama mapajani na kwenye makalio yanaenda tumboni, na joto la ghafla la usiku linamkatisha usingizi, mtu asiyelala vizuri anaamka na hamu ya vitu vitamu. Hayo ni mambo ya kweli na yanachosha, na mwanamke anayeyapitia hastahili kuitwa mvivu.

La pili sikubishana nalo. Nilimwomba kitu kimoja, siku tatu aandike kila kinachoingia mdomoni, hata punje ya karanga, bila kubadilisha chochote. Karatasi iliporudi ilikuwa hivi: asubuhi chai ya maziwa na chapati mbili, saa 4 andazi kwa sababu muuzaji anapita mlangoni, mchana wali wa mama ntilie na soda, jioni juisi ya miwa na karanga za kugonganisha meno wakati wa kufunga hesabu, halafu usiku saa 3 na nusu ugali na samaki wa kukaanga na mchicha ulioungwa. Yeye anahesabu mlo mmoja tu, ule wa usiku, vingine havimo kwenye hesabu zake kwa sababu hakukaa chini kula. Na hajadanganya, ndivyo anavyoona kweli. Soda moja ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, karibu vijiko tisa vya chai, na alikuwa anakunywa kila siku ya kazi.

Sasa kabla hajaja kwetu alikuwa kwenye jogingi ya mtaani ya Jumamosi. Nazipenda sana zile jogingi, watu wanakimbia wanaimba, fulana moja rangi moja, wanasaidiana hata kwenye misiba. Lakini tuambiane ukweli, wakimaliza wanaenda kwenye supu. Supu na chapati mbili za mafuta, wengine tatu. Mtu wa kilo 90 akitembea nusu saa anatumia kalori kama 150 mpaka 200, chapati moja nene inaweza kufika 300, hiyo hesabu haihitaji profesa. Na Mama alivyokuwa anakimbia na kilo 94 kwenye lami goti ndo likazidi kuharibika, akaacha, akaambiwa hana nia.

Kuna kitu kimetoka hapahapa Tanzania ambacho kila anayetaka kupungua angetakiwa akijue. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, watu wanaowinda na kuchimba mizizi, wanatembea kilomita nyingi kila siku. Walitegemea kukuta wanachoma nishati nyingi kuliko watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa ofisini. Wakakuta ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ya siku ni karibu sawasawa. Mwili una namna ya kubana matumizi kwingine ukishautumikisha. Sisemi mazoezi hayana faida, nayafundisha kila siku na nayaamini, yanashusha presha, yanasaidia sukari, yanalinda misuli na mifupa, yanaleta usingizi. Ila kazi ya kutoa kilo nyingi wanaifanya zaidi watu wa jikoni, na hapo ndo kisa cha Mama kinapoanzia kwa kweli.

Maana jikoni kwake haingii. Anarudi saa 1 usiku amechoka, anapika dada, anaamua baba kwa sababu yeye ndo mwenye kulalamika chakula kikiwa hakina ladha. Kwa hiyo miaka yote hiyo tulikuwa tunamwambia abadilishe chakula mtu ambaye hashiki mwiko. Niliomba kwenda nyumbani Jumapili moja, nikakaa na dada jikoni, na swali langu lilikuwa moja: dumu la mafuta la lita 5 linaisha baada ya siku ngapi? Akasema kama siku 12 hivi.

Fanya hesabu na mimi. Lita 5 za mafuta ya kula ni kama kilo 4.6, kila gramu kalori 9, jumla kama 41,400. Gawa kwa siku 12, gawa kwa watu sita, kila mtu hapo ndani anakula kalori 575 kwa siku za mafuta peke yake, na hiyo ni kama tunagawana sawa na mjukuu wa miaka minne. Bado ugali, bado wali, bado nazi. Na hayo mafuta huyaoni, yameingia kwenye mchicha, kwenye chapati, kwenye maharage yaliyoungwa, mtu anasema "nimekula mboga za majani tu" na kweli kala mboga za majani.

Dada aliniambia kitu cha maana sana, akasema "Kocha, nikipunguza mafuta baba anasema nimempikia chakula cha wagonjwa, halafu lawama ni zangu si za mama." Huyu binti ndo alikuwa ameshika afya ya nyumba nzima na hakuna daktari wala kocha aliyewahi kuongea naye. Tukakubaliana wote, baba akiwepo, kwamba mafuta yanashuka kidogo kidogo na si kwa siku moja, dumu liende siku 15, baadaye 18, mpaka lifike 24. Kijiko cha kupimia kikawekwa juu ya kifuniko. Kitunguu na nyanya viive taratibu na maji kidogo, ladha inatoka hukohuko. Samaki wa kukaanga abaki Ijumaa, siku nyingine achomwe au apikwe mchuzi wa nazi nyepesi na ndimu. Chapati Jumapili. Baba alinung'unika wiki mbili za kwanza kisha akazoea, ulimi unazoea kuliko watu wanavyodhani, na dumu lilipofika siku 24 kila mtu amepunguza kama kalori 290 kwa siku bila kupunguza hata tonge. Hela ya dumu moja na kidogo inabaki kila mwezi, hapo ndo baba akawa mtetezi wetu mkubwa.

Sahani ya Mama yenyewe haikuwa na maajabu. Ugali ule uleule ila nusu ya zamani, mboga za majani mara mbili, na protini kila mlo, dagaa, maharage, choroko, mayai, samaki, kwa sababu ukila protini unashiba muda mrefu na misuli inalindwa. Soda ikatoka, maji yakaingia, juisi ya miwa ikabaki mara moja kwa wiki kwa sababu aliomba na nikaona si vizuri kumnyang'anya kila kitu. Mlo wa usiku ukasogezwa saa 1 na nusu. Andazi la saa 4 lilikuwa gumu kuliko soda, muuzaji ni jirani yake wa miaka mingi na kumkatalia anaona kama anamkatia riziki, akapata njia yake mwenyewe, ananunua anampa kijana wa mzigo.

Mazoezi tulianza chini sana. Kukaa kwenye kiti na kusimama bila kushika mikono, mara nane, pumzika, tena. Kusukuma ukuta. Kunyanyua madumu ya maji ya lita 5, kila mkono kilo 5, dukani kwake nyuma ya pazia mchana wateja wakipungua. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili, na hiyo sehemu ya misuli ndo akina mama wa rika lake wanairuka kabisa wakidhani ni mambo ya vijana wa jimu. Kwa mwanamke anayekoma hedhi mimi naiweka mbele ya kukimbia, mifupa yake inaihitaji na goti linashikiliwa na misuli ya paja. Kutembea tukakuweka kwenye safari ya kazini, mwanzo alikuwa anashuka mwendokasi kituo cha Fire anamalizia kwa miguu mpaka dukani, baadaye siku zisizo na mvua anatoka Magomeni Mapipa kwa miguu moja kwa moja, anapita Jangwani, kama kilomita tatu hivi. Goti likaanza kutulia mapema kuliko alivyotegemea, na kuna sababu: kila kilo moja unayopunguza, goti linapungukiwa mzigo wa kilo kama nne kwa kila hatua.

Miezi minne ya kwanza alitoka 94 hadi 88. Hapo ndo maneno yakaanza.

Wateja wanamwangalia, wanauliza "mbona umekonda, unaumwa?" Shoga yake wa karibu akamvuta pembeni akamuuliza kama kapima. Tunajua wote wanamaanisha kupima nini. Kwetu unene bado ni dalili kwamba mume anatunza na biashara inaenda, na mtu mzima akipungua watu wanafikiria ugonjwa kwanza, miaka mingi ya kuzika vijana imetuachia hiyo hofu na siwalaumu, lakini kwa Mama ilikuwa nzito kuliko njaa yoyote. Hata ndugu wa mume walipiga simu kuuliza kama ndoa ina shida. Alikaribia kuacha, aliniambia hivyo wazi. Alichofanya mwisho ni chake, mimi sikumfundisha: aliweka kadi ya kliniki kwenye droo ya duka na kila anayeuliza anaonyeshwa presha ya zamani na ya sasa, anasema "hii ndo ilikuwa inaniua, sasa inashuka." Baada ya muda maswali yakageuka, wanaomba namba yangu.

Ramadhani ikaja. Watu wengi wanadhani ukifunga lazima upungue na Mama alidhani hivyo, nilimwambia mapema angalia futari. Mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, kaimati, sambusa, bajia, uji, vyote mkeka mmoja, halafu daku usiku mkubwa na kulala juu yake, na ukienda kufuturu kwa ndugu huwezi kusema sili. Aliongezeka kilo 2. Hakukata tamaa kwa sababu tulikuwa tumeshaongea kwamba lengo la mwezi ule ni kutozidi, mazoezi ya kiti yakahamia usiku baada ya tarawehe. Kabla mwezi haujaandama alipita kliniki kupangiwa saa za dawa, na hili nalisisitiza kwa kila mwenye presha au sukari anayefunga, usijipangie mwenyewe.

Na dawa ndo palipotaka kuharibika. Kilo zilivyoshuka akajisikia mwepesi, kichwa hakiumi, akaacha vidonge kimyakimya. Presha ikarudi juu ya 160 bila yeye kuhisi chochote, ilionekana tu kwa sababu tunapima kila mwisho wa mwezi. Presha haina kelele, jamani. Kupungua kunaweza kweli kumfanya daktari apunguze dozi, kwa wengine hata kuiondoa, ila anayepunguza ni daktari akiwa na vipimo mkononi. Alirudishwa kwenye dawa na hajaacha tena.

Baada ya hapo kilo zikashuka hadi 85 zikagoma. Miezi. Mzani haujongei na yeye hajabadilisha kitu, na hapo ndo watu wengi wanarudi kwenye chai za kuharisha. Mwili mdogo unatumia kidogo kuliko mwili mkubwa, chakula kilichokupunguza ukiwa na 94 kinakutosha kabisa ukiwa na 85, ni hesabu tu. Nilitoa mzani pembeni tukatumia futi ya fundi cherehani ambayo dukani kwake ipo siku zote, na kiuno kilikuwa kinaendelea kushuka sentimita moja moja wakati kilo zimesimama. Tukaongeza uzito wa madumu na siku moja ya mazoezi ya nguvu, ugali wa usiku ukapungua kidogo tena, mwisho zikafunguka.

Leo ni mwaka na miezi kadhaa tangu aanze. Kilo 81, kiuno 97, presha 132 kwa 82 akiwa kwenye dawa, sukari 5.6. Bado kiuno kiko juu ya 88 na sitamdanganya mtu kwamba kazi imeisha. Lakini kuna utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa kwenye hatua ileile ya sukari kama yake, waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na dakika 150 za mazoezi kwa wiki hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58, waliopewa metformini, dawa ya kushusha sukari, ilishuka kwa asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo 94 ni kilo 6 na nusu tu, Mama alizifikia kitambo, kabla hata hajaanza kuonekana amependeza. Ukiwa na miaka 50 na unahisi lengo liko mbali, anza kuhesabu hapo.

Kusujudu anasujudu chini tangu kabla ya Ramadhani, kuinuka kwa rakaa ndefu bado anashika kidogo mkeka. Dada wa kazi ameolewa mwezi uliopita, kwa hiyo amekuja binti mwingine jikoni na dumu limerudi kuisha siku 14, Jumapili hii naenda tena kukaa naye.